Usukani Nusu na Sauti ya Baba

Tangu lile gari liingie kwetu Ntinda, Baba hakuliita gari hata siku moja. Aliliita "hicho kitu". Mtaingia na hicho kitu saa ngapi? Hicho kitu mmeshakilisha umeme? Mume wangu ndiye aliyelinunua, kwa mtu anayeagiza magari ya umeme kutoka nje, na siku alipolifikisha getini alikuwa na uso wa mtu aliyeoa upya.

Usukani wake haukuwa duara. Ule upande wa juu waliukata, wa chini wakaubapaza, zikabaki pembe mbili za kushikia, moja huku na moja huku. Vile vijiti vya pembeni, cha indiketa na cha waipa, hakuna. Gia hakuna, ukitaka kurudi nyuma unatelezesha kidole kwenye skrini. Indiketa, taa, waipa, honi, vyote vimekuwa vitufe vya kugusa, vimepangwa juu ya usukani wenyewe, vidogo, bapa, vyenye vipicha ambavyo macho yangu huvisoma kwa kukisia.

Baba aliendesha lori la polisi maisha yake yote ya kazi. Alilizunguka gari, akachungulia dirishani, akauliza, "Nusu nyingine mmeiacha dukani?"

Mume wangu alicheka mpaka akashika nguzo ya geti. Mimi sikucheka. Yeye hupelekwa kazini na gari la ofisi. Aliyekuwa anakwenda kuhangaika na hicho kitu barabarani ni mimi.

Na nilijifunza kuendesha kwa Baba, ndani ya kambi ya polisi kule Nsambya tulikokulia, kwenye kiwanja cha vumbi mbele ya nyumba zetu. Kitu cha kwanza alichonifundisha si breki, ni honi. Hapa Kampala honi ndiyo mdomo wa gari. Honi ni salamu, ni samahani, ni mimi hapa, ni thubutu uone. Unaipiga katikati ya usukani kwa kiganja, hutazami, mkono unajua. Sasa niambie, mkono uliozoea hivyo miaka yote, leo utauambia nini kuhusu kitufe chenye picha ya tarumbeta ndogo, kwenye pembe ya kulia, ambacho usukani ukigeuka nacho kinageuka, kikakimbilia kushoto?

Aliyelipenda gari ni Mama. Kwa kweli lilinunuliwa kwa ajili yake. Mama ana pumu, na harufu ya petroli humbana kifua. Kwenye hicho kitu hakukuwa na harufu wala ngurumo. Alikaa kiti cha mbele, kioo juu, mkoba mapajani, akasema, "Hapa ninapumua." Basi nikajilazimisha kulizoea. Kwa nini nisijilazimishe? Mama ni mmoja.

Kabla sijafika sokoni Kalerwe lazima niseme habari ya Kiswahili chetu, la sivyo hutaelewa kilichotokea.

Watu wengi wa Kampala wanakiogopa Kiswahili. Kwao ni lugha ya amri, ya askari anayekuja kukutoa mahali. Baba ni mtu wa kaskazini, Mama ni Muganda. Walipokutana yeye hakuwa na Kiganda, Mama hakuwa na lugha ya kaskazini, kilichowaunganisha ni Kiswahili. Mama alikuwa msichana anayeuza nyanya ukingoni mwa barabara pale Kalerwe, beseni chini, mwavuli juu. Baba alifika na lori, ameagizwa wauzaji wasogee kutoka barabarani, akapaza ile sauti. Ile sauti, jamani. Ilitoka tumboni, ikafika upande wa pili wa soko. Mama alikumbatia beseni lake akakimbia, nyanya zikimdondoka nyuma.

Kesho yake Baba alirudi na nguo za kiraia, akazunguka soko mpaka akampata. Alimwomba radhi kwa Kiswahili cha sauti ya chini kabisa, na Mama akamsikia. Alikuja tena na tena. Siku aliyomposa, Mama alimpa sharti moja tu: ile sauti isivuke mlango wangu. Baba akaapa. Mimi na ndugu zangu tumekua tukisikia Kiswahili kinachonong'ona. Majirani kule kambini walikuwa wanatucheka, wanasema nyumba yetu ina mgonjwa. Baba hakumpazia sauti mtu yeyote tena akiwa na Mama, hata mimi, na mimi nilikuwa mtoto wa kupaziwa sauti, nakubali.

Sasa Jumamosi ile.

Mama hununua dodo, mchicha wetu, na ndizi Kalerwe tu, popote pengine anaona anaibiwa. Alivaa gomesi ya zambarau, gauni lake la Kiganda, akabadilisha mkoba, achukue ule mweusi unaofanana na gari. Ndiyo, kwa ajili ya gari! Baba alikaa nyuma. Kiti cha mbele hakitaki, anasema hawezi kukaa karibu na usukani uliokatwa kichwa.

Tulinunua vitu, tukarudi garini, tukaingia kwenye foleni kuelekea mzunguko. Kando ya barabara mtu alikuwa anachoma takataka, na mwingine anakaanga pilipili kwenye sigiri. Mama alikuwa ameshusha kioo kuagana na rafiki yake wa zamani wa sokoni. Moshi ukaingia wote.

Alikohoa. Akakohoa tena. Nikapandisha kioo, nikasema, "Mama, toa inhela." Akafungua mkoba mweusi, akauchakura, akauinamisha. Vikatoka leso, rozari, funguo. Inhela ilikuwa kwenye mkoba wa kahawia, na mkoba wa kahawia ulikuwa kitandani Ntinda.

Alinitazama tu, na pumzi ikaanza kupiga filimbi.

"Hospitali," Baba akasema kutoka nyuma. "Nenda, mwanangu."

Hospitali ilikuwa palepale kilimani, mabati yake nayaona juu ya vibanda. Ungetembea ungefika, lakini Mama hawezi hata kusimama. Mbele yangu teksi, kushoto mkokoteni wa ndizi, na katikati, kila mahali, bodaboda. Nikapiga honi.

Yaani nilipiga mahali pa honi. Kiganja changu kiligonga katikati ya usukani, pale Baba aliponifundisha, na kukawa kimya. Nikapiga tena kwa nguvu. Kimya. Nikakumbuka kitufe, nikabonyeza, maji yakaruka kwenye kioo cha mbele na waipa zikaanza kucheza. Mwenye mkokoteni akacheka. "Nyabo, bibie, leo hakuna mvua!"

Nilitaka kumng'ata.

Upande wa kulia palifunguka nafasi, njia fupi ya kupandia kilimani. Nikakata usukani wote kulia. Nikabonyeza indiketa ya kulia, kile kitufe cha juu, cha kushoto kiko chini yake, nakijua, nimekifanyia mazoezi uani. Ila usukani ulikuwa umeshapinduka chini juu, na kile nilichobonyeza kilikuwa cha kushoto. Bodaboda waliokuwa nyuma yangu wakaona taa ya kushoto, wakajua nawapisha, wakaja wote kwa kulia. Nilikanyaga breki. Gurudumu la mbele la mmoja wao likasimama kwenye mlango wangu, karibu kabisa, kofia yake ya chuma ikagonga kioo.

Mungu wangu. Na Mama pembeni anavuta hewa isiyokuja.

Kijana wa bodaboda akashuka. "Wewe maama iko na akili kweli? Unaweka kushoto, unaenda kulia?" Akachungulia ndani. "Na siteringi iko wapi? Njooni muone, gari haina siteringi!"

Wakaja. Kalerwe hawaitwi mara mbili. Pikipiki zikajipanga mbele ya gari, watu wakaweka nyuso kwenye vioo, mwingine ametoa simu anapiga picha ya usukani. Nikashusha kioo nikapiga kelele, "Nina mgonjwa! Tokeni!" Nikapiga kelele kwa Kiganda, nikapiga kwa Kiswahili. Sauti yangu ni kubwa, naijua, imeshanigombanisha na watu wengi. Lakini mwanamke akifoka Kalerwe ni sehemu ya soko. Walidhani nagombana kwa ajili ya mkwaruzo.

Nikamtazama Mama. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Kichwa kimeegemea mlango, lakini mikono ilikuwa inahangaika, inapapasa miguuni pake, inapapasa chini ya kiti. Nikajua anatafuta inhela. "Haipo, Mama," nikamwambia, nalia sasa, "haipo, tulia, acha kutafuta." Hakuacha.

Nikasikia mlango wa nyuma umefunguka.

Baba alishuka, akalifunga vizuri koti lake la Jumamosi kifungo kwa kifungo, akapita mbele ya gari. Mzee mwembamba mwenye fimbo. Akasimama. Nikaona mabega yake yanapanda, na nikajua anachotaka kufanya, na nikataka kumzuia na nikataka aharakishe, yote mawili kwa pamoja.

"Wewe!" Mtaa mzima uligeuka. "Ondoa pikipiki! Ondoa sasa hivi! Wewe na wewe, kando! Kando, nasema! Pisha njia!"

Yule aliyekuwa anapiga picha aliiangusha simu. Kijana aliyekuwa ananitukana alishika pikipiki yake akaisukuma mbio, akisema, "Samahani afande, samahani afande." Mkokoteni ukapanda juu ya mtaro. Wauzaji wa ukingoni, ambao hata hakuwaambia neno, walibeba mabeseni yao wakarudi nyuma. Njia ikafunguka kama vile haijawahi kuziba.

Baba akatembea mbele, fimbo juu, akiendelea kuunguruma, nami nikamfuata na hicho kitu nimekishika kwa pembe zake, kimya kabisa, gari lisilo na mngurumo wala mdomo. Hakugeuka nyuma hata mara moja. Tulipofika kwenye mwinuko alishika mlango akajitupa ndani, nikakanyaga. Kitu kimoja nikipe haki yake: kinakwenda.

Wauguzi wakampokea Mama mlangoni, wakamwekea kikombe cha mvuke usoni, wakanitoa nje. Baba hakuingia. Alisema anabaki kulinda gari. Gari lenyewe lina kamera pande zote, lakini sikubishana naye.

Waliponiita, Mama alikuwa ameketi, gomesi imekunjamana, rangi imerudi. Nilimshika mkono nikaulaza shavuni kwangu. Nilikuwa nimefurahi kiasi cha kuwa mjinga. Nilianza kumtania habari za mkoba mweusi.

Akasogeza kile kikombe kidogo. "Nani alikuwa anapiga kelele?"

Ningeweza kusema ni mimi. Angeamini. "Baba," nikasema.

Akakirudisha kile kikombe, akavuta mvuke, akakiondoa tena.

"Nilidhani wamekuja kututoa barabarani," akasema. "Nilikuwa natafuta beseni langu."

Sikuelewa mara moja. Halafu nikaiona mikono yake inapapasa miguuni, chini ya kiti, ndani ya gari la umeme lenye kiti cha ngozi. Haikuwa inhela. Alikuwa anakosa hewa na bado anataka kuokoa nyanya zake akimbie.

"Alifanya kwa ajili yako, Mama."

"Najua." Akafumba macho. "Mwambie najua. Lakini niliogopa."

Nilimkuta Baba kwenye gari. Alikuwa amehamia kiti cha mbele, kile cha Mama, rozari yake mkononi, amerudisha leso na funguo ndani ya mkoba. Nikakaa nyuma ya usukani. Alikuwa ametazama mbele.

"Anapumua?"

"Anapumua vizuri, Baba. Kesho wanamruhusu."

Akashukuru Mungu kwa lugha ya kwao, ambayo huitumia akiwa peke yake. Kisha akauliza, "Alisikia?"

Nilimweleza yote, na habari ya beseni pia. Labda mtoto mwingine angemficha. Mimi sijui kuficha, na yeye hakuwa ananiuliza ili afichwe. Alisikiliza, akaweka rozari juu ya mkoba taratibu. Sikuwahi kumwona Baba akilia, na hata siku hiyo aligeuzia uso dirishani mpaka alipomaliza.

Akajifuta. Akasogea karibu na usukani ambao hajapata kuugusa tangu ufike kwetu.

"Nionyeshe honi," akasema, kwa ile sauti yake ya nyumbani.

Nikachukua kidole chake gumba nikakiweka juu ya kipicha cha tarumbeta. Akabonyeza. Gari likatoa mlio mfupi, na askari wa geti akageuka kututazama. Baba akaondoa kidole, akafumba macho, akakitafuta tena mwenyewe. Alikikosa, waipa zikacheza. Akakitafuta tena, akakipata.

"Na usukani ukigeuka?"

"Nayo inageuka, Baba. Inakwenda upande wa pili."

"Basi geuza," akasema.

Nikageuza usukani wote mpaka ukapinduka, na Baba, macho yamefumbwa, akaanza kutafuta upya kwa kidole gumba.