Zulia la Bwawa la Nne

Saa moja kasoro robo asubuhi, mwanamke wa makamo mwenye kofia pana ya majani ameinama ukingoni mwa bwawa. Anachovya kidole majini, anakigusisha kwenye ncha ya ulimi, anatema pembeni na kutikisa kichwa.

"Bado," anasema, wala hamwambii mtu.

Kisha anainua ndoo iliyojaa kitu cha kijani kinachoteleza na kunuka kama yai viza. Anapita nayo juu ya tuta jembamba hadi bwawa la jirani, anaingia majini mpaka katikati ya miundi, anakilaza kile kitu chini taratibu kama mtu anayelaza mtoto aliyechelewa kupata usingizi. Ndoo ya tatu hiyo tangu afike.

"Na mtu mzima, na akili zake, ananiuliza kwa nini nabeba uchafu," anasema huku akinyoosha mgongo.

Wenzake kwenye mashamba haya ya chumvi humwita Mama Ulimi. Wapo wanaosema ni kwa sababu huonja maji na kukwambia ukali wake bila kipimo. Wengine wanasema ni kwa sababu ulimi wenyewe haupumziki. Ukimuuliza mwenyewe, anasema wote wamepatia.

Ana miaka hamsini na sita, na ishirini na sita kati ya hiyo ameitumia hapa. Nyayo zake zimepasuka kwa chumvi, na kila jioni huzipaka mafuta ya kula kwa sababu losheni, anasema, ni kujidanganya.

Mashamba yana mabwawa tisa. Maji ya bahari huingia la kwanza, jua likayapunguza, yakafunguliwa kwenda la pili, na kuendelea hivyo yakizidi kuwa makali, hadi bwawa la mwisho yanapoganda kuwa chumvi. Samaki wa kawaida haoni hata bwawa la tatu. Ndiyo maana wengi hudhani humu ndani hamna kiumbe.

"Humu mmejaa kuliko sokoni," anasema Mama Ulimi. "Ila ni wale wanaoweza. Asiyeweza anakufa siku ya kwanza."

Anaonyesha kwa mkono. Bwawa la tano na la sita kuna kamba wadogo kama punje za mchele, wanaokula ukijani wa majini mpaka maji yanakuwa meupe. Mabwawa ya mwisho ni mekundu, kwa sababu ya vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo bila chumvi kali haviishi. Wekundu ule hunasa joto la jua, na chumvi hukauka upesi zaidi.

Lakini roho ya mashamba, kwa maoni yake, iko bwawa la tatu na la nne. Humo sakafu nzima hufunikwa na utando mnene wa kijani, tabaka juu ya tabaka, unaoota wenyewe juu ya tope. Wafanyakazi huuita zulia. Zulia huziba vitundu vya ardhini, maji yasinyweke. Linanuka, linateleza, na bila hilo bwawa ni chujio.

Mwaka jana Mama Ulimi aliomba ruhusa ya wiki tano kwenda kumwangalia binti yake aliyejifungua. Aliporudi alikuta bwawa la tatu limesuguliwa likang'aa kama sahani.

Meneja mpya alikuwa ameona ute, amenusa harufu, akaagiza reki, koleo na toroli. Zulia la miaka arobaini lilitolewa kwa siku sita na kutupwa nyuma ya stoo.

"Nilikaa chini pale pale," anasema. "Nikamwuliza shemeji yangu, wewe ulikuwa wapi? Akaniambia, nilikuwa nasimamia kazi."

Shemeji huyo, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye nyapara wa mashamba. Ni mtu mpole, wa maneno machache, na kila anapotajwa Mama Ulimi hushusha pumzi ndefu. Kinachomkera si kwamba shemeji hakujua, bali kwamba alijua.

Kwa maana Mama Ulimi mwenyewe, msimu wake wa kwanza, alifanya kosa lile lile. Alitaka kuonekana mchapakazi, akakwangua kona nzima ya bwawa la nne. Mama mkwe wake, aliyekuwa mfanyakazi hapa, alimkuta akijisifu.

"Hakunigombeza. Alinipa ndoo. Nikachota zulia upande ambao sikuukwangua, nikapanda kipande kwa kipande, miezi kumi na minne. Sasa huyu shemeji alizaliwa na mama yule yule! Alikuwa ananiona nikibeba, ananicheka!"

Matokeo ya usafi ule hayakuchelewa. Msimu uliotangulia mashamba yalitoa magunia mia sita na arobaini. Uliofuata, mia nne na kumi. Wafanyakazi walikuwa kumi na tisa, na saba kati yao hawakuitwa tena mwaka huu. Ofisi iliandika kwamba sababu ni hali ya hewa.

Na sasa ubaoni, kwa chaki, kumeandikwa kazi ya Jumatatu: kusafisha bwawa la nne. Likikwanguliwa na hilo, Mama Ulimi hana tena pa kuchota mbegu ya zulia, na bwawa la tatu ndiyo basi.

Amekwenda ofisini mara tano. Mara ya kwanza aliambiwa aandike barua. Aliandika. Mara ya pili aliambiwa barua haijaonekana. Mara nyingine tatu hataki hata kuzieleza, anasema presha itampanda.

Saa nne meneja anafika mwenyewe, viatu safi, heshima tele.

"Mama, wakaguzi wanakuja mwisho wa mwezi. Wakikuta ute huu nitawaambia nini?"

"Waambie ni sakafu."

"Sakafu hainuki, mama."

"Hii inanuka, baba. Ndivyo inavyoishi. Usipoipenda harufu, simama upande ule upepo unakotoka."

"Tuna kipimo chochote kinachoonyesha unachosema?"

"Kipimo ulinunua wewe. Kiko kwenye boksi hadi leo."

Anamshika mkono wa shati na kumpeleka kwenye vijiti viwili alivyochomeka Jumatatu iliyopita, kimoja kila bwawa, vyote vimewekwa alama ya maji kwa kisu. Siku tatu zimepita. Bwawa la nne maji yameshuka kidole kimoja. La tatu, vidole vinne.

"Jua ni lile lile," anasema. "Linakunywa kidole kimoja. Hivyo vitatu vingine nani kanywa?"

Meneja anachutama. Anapima kwa vidole vyake mwenyewe, mara mbili, kisha anamgeukia nyapara aliyefuatana naye.

"Wewe unasemaje?"

Shemeji anaangalia vile vijiti.

"Ndivyo ilivyo, bosi."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza."

Mama Ulimi anajishika kichwa kwa mikono miwili. Meneja anabaki amechutama pale pale, viatu vimeanza kuingia maji. Mwishowe anasimama, anakwenda ubaoni na kufuta kazi ya Jumatatu kwa kiganja, kisha anarudi ukingoni.

"Liacheni," anasema. "Nitaongea na wakaguzi mimi."

Kwenye kona ya bwawa la tatu tayari kuna kiraka cha kijani, ukubwa wa mlango mmoja. Mama Ulimi anakadiria miaka mitatu kufunika kote. Kustaafu kumebaki miaka minne.

"Nataka siku ninayotoka hapa bwawa liwe linashika maji, na wale saba wawe wamerudi. Sherehe sihitaji."

Nyuma yake shemeji anakuja na ndoo ya zulia, ya kwanza maishani mwake. Hakuna aliyemtuma. Anafika ukingoni, anaiinua hadi kifuani na kuimwaga yote kwa mkupuo mmoja, pwaa, maji yakamrukia meneja mpaka usoni.

Mama Ulimi anafumba macho.

"Miaka kumi na minane ni nyapara," anasema taratibu. "Kesho naanza kumfundisha kumwaga ndoo."