Namba Tasa ya Spesiyoza

Aibu hii nimemficha hata mke wangu, lakini leo acheni niitoe, mcheke mmalize.

Enzi za wakimbizi nilikuwa mwalimu wa hesabu kule Nyamiaga, na shule zikifungwa nilipata kibarua kambini Lukole, kuita watu na namba za kadi zao kwa kipaza sauti siku ya mgao wa chakula. Sasa mimi na namba, jamani, ni ugonjwa! Siku moja kabla ya mgao nikaona kwenye orodha kadi namba 99,991, ya mtu aitwaye Spesiyoza, nikaanza kuigawa pembeni ya karatasi, kwa mbili, kwa tatu, kwa saba, nikiruka zile zinazogawanyika zenyewe, nikaenda hadi mia tatu kumi na tatu (ukifika hapo huna haja ya kuendelea), mara sitini na tano nimeigawa na zote inabakiza. Nywele zilinisimama. Namba kubwa vile, na hakuna kinachoingia ndani yake ila moja na yenyewe! Nikasema jambo hili siwezi kulimeza peke yangu.

Kesho yake nikashika kipaza: "Spesiyoza! Namba yako ni tasa!"

Watu wote wakamgeukia. Spesiyoza, dada mmoja Mrundi, mpole, alikuwa na mwaka wa sita kwenye ndoa bila mtoto (mimi ningejuaje?), na mama mkwe wake alikuwa nyuma yake pale pale. Yule mama akapiga makofi. "Mana yanje, Mungu wangu! Si nilimwambia mwanangu amrudishe kwao? Sasa hata ofisini wameandika!"

Nikababaika. "Shikamoo mama, hapana, tasa maana yake haigawanyiki!"

Wee! Mtu amekuja kwenye mgao, unamwambia haigawanyiki? Spesiyoza akadhani hata mahindi amenyimwa, akaangua kilio, na huku nyuma watu wananisukumia kadi zao niwaangalizie kama na wao ni tasa.

Mumewe akasogea na gunia tupu mkononi. "Mwalimu, hiyo namba ina kasoro gani?"

"Haina kasoro," nikasema, kipaza bado kinawaka. "Chukua namba nyingine yoyote kubwa, ivunjevunje, mwishowe utakuta ni hizi tasa ndizo zilizoizaa. Bila hizi, nyingine zisingekuwepo."

Spesiyoza akafuta machozi kwa kitenge. "Basi aliyezipa jina hilo hakuuliza mtu."

Mumewe akapokea mahindi, akamgeukia mama yake mbele ya umati wote. "Huyu harudishwi, mama. Maneno hayo yaishe leo." Wakaondoka bila kuniaga, na walikuwa na haki.

Namba zile nazishangaa hadi leo, nikizifundisha mwili unanisisimka. Lakini kipaza sijashika tena, na kabla sijamwambia mtu habari za namba yake, kwanza namuuliza habari za nyumbani kwake.