Meza Iliyojaa Siku ya Ziara

Ujumbe huo niliuandika mara nne kabla ya kuutuma. Wa kwanza ulikuwa mkavu kama wito wa polisi. Wa pili ulikuwa na pole nyingi, mtu angedhani kuna msiba. Mwishowe nikatuma huu: "Jambo mama. Tutakuja kukutembelea siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi. Ujitayarishe, lakini usihangaike." Nikaweka simu chini, nikaridhika. Sikufikiria kwamba kumwambia mama wa kwetu ajitayarishe kwa ajili ya mgeni ni kumpa kazi ya siku mbili.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu mwaka huo, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza niliyopata: mkataba wa miezi mitatu katika shirika dogo lenye vyumba viwili na jenereta moja. Shirika lilisaidia biashara ndogo sana, za watu wenye meza moja mbele ya nyumba. Halikutoa pesa mkononi, lilitoa mali: gunia la unga, katoni ya sabuni, dumu la mafuta. Kazi yangu ilikuwa kumtembelea kila aliyejiandikisha, kuangalia meza yake, kupiga picha na kutia alama kwenye karatasi. Meza ikiwa imejaa, mwenyewe alihesabiwa kuwa anajiweza, na jina lake liliondolewa. Sharti hilo hatukuwaambia watu, kwa kuogopa kwamba wenye vitu vingi wangevificha. Hakuna mtu ofisini aliyewaza kwamba wengine wangefanya kinyume chake.

Nilipanga chumba kimoja katika mtaa wa Mabanga. Mama yangu na wadogo zangu walikuwa kwetu Kiwanja, na kwa jinsi barabara ilivyokuwa ya hatari, nilikuwa na miaka miwili sijawaona. Jioni nilipika bugali wa mtu mmoja, na hata huo ulibaki. Kuna siku watu niliowatembelea ndio pekee waliosikia sauti yangu. Walinipokea kwa mikono miwili, lakini niliona macho yao yanaongea na jile niliyovaa, kizibao chenye alama ya shirika mgongoni. Nikiivua na kupita njia hiyohiyo, hakuna aliyeniita.

Mama niliyemtumia ujumbe alikuwa anauza unga wa muhogo kwa kikombe, pembeni chumvi na vipande vichache vya sabuni. Siku ya kujiandikisha nilikuwa nimeipita meza yake: beseni moja la unga, lisilofika hata nusu. Alinieleza shida yake bila kuzunguka. Ndani ya nyumba alikuwa na mama mkwe aliyepooza miguu. Kila asubuhi alilazimika kwenda depo kununua unga wa siku hiyo, na kwa kuwa hakuna wa kubaki na yule mzee, alimfungia ndani kwa kufuli mpaka arudi.

"Nikipata gunia moja tu," aliniambia, "nitakaa. Nitauza huku ninamusikia."

Hilo tu. Niliandika kwenye daftari langu na kupiga mstari chini yake.

Alhamisi nilipofika, sikuitambua meza. Unga ulikuwa katika magunia mawili yaliyokunjwa midomo. Sabuni zilipangwa kama matofali. Kulikuwa na mafuta ya mawese, samaki wadogo waliokaushwa, nyanya za kopo, hata betri za redio. Mama alikuwa amevaa kitenge cha harusi. Kiti alichonipa kilikuwa bado na plastiki yake.

"Karibu, madamu wa proje," akasema, maana mradi wetu waliuita hivyo. "Kaa. Tulikuwa tunakungoja."

Meza za kulia na kushoto zilikuwa tupu kabisa. Nyuma ya meza hizo walikaa wenyewe, majirani wawili, wamekunja mikono, wanatabasamu kama watu wanaongoja kupigwa picha.

Nilikuwa bado ninatafuta kalamu alipofika fundi wa pikipiki, mikono myeusi kwa mafuta. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza tupu ya kushoto. "Mama, nipe sabuni." Jirani mwenye meza hiyo, kwa mazoea, akasimama, akavuka, akachukua kipande kwenye meza ya mama, akampa, akafunga pesa kwenye ncha ya kitenge chake na kurudi kukaa. Kisha akaniona ninamtazama.

"Ninamusaidia kuuza," akasema. "Sisi hapa tunapendana sana."

"Nyamaza wewe," jirani wa pili akamwambia kwa sauti ya chini, "utaharibu." Mwenyewe alikuwa ameziba mdomo kwa kitenge, mabega yakitikisika.

Nilielewa mara moja, na ndiyo maana sina cha kujitetea. Nilipokuwa mtoto, padri akija kwetu, mama yangu alinituma nyumba tatu: moja kuomba vikombe, moja chupa ya chai, moja kitambaa cha meza. Mwenye vikombe akiingia padri akiwepo, nilikatazwa kumwangalia. Kumpokea mgeni kwenye meza tupu ni aibu, na aibu hiyo inawagusa majirani wote. Wale wanawake wawili walikuwa wamepoteza mauzo ya asubuhi nzima ili mwenzao asidharauliwe.

Ningeweza kusema maneno machache tu: mama, rudisha vitu vya watu, nitapiga picha halafu. Lakini nikaanza kufikiri. Nikisema, nitakuwa nimefichua sharti. Nikifichua sharti, wengine niliowaondoa wiki iliyopita nimewatendea nini? Nikiandika kwamba vitu ni vya kuazima, ataitwa mdanganyifu, na mdanganyifu naye anaondolewa. Na pengine nimekosea, pengine magunia yale ni yake kweli. Nikamuuliza kwa kuzungukazunguka, "Biashara imepanda, mama?"

"Tunajikaza," akajibu, akichukua tahadhari asiwaangalie wenzake.

Wakaniletea Fanta. Nikainywa peke yangu, wao watatu wakinitazama. Kisha nikapiga picha, na kwenye kisanduku cha meza nikatia alama mahali palipoandikwa "imejaa", kwa sababu tuliagizwa tuandike tunachokiona. Nyuma ya karatasi nikajaza ukurasa mzima wa maelezo.

Mkubwa wangu, mtu mpole asiyeinua sauti, aliigeuza karatasi ile mara mbili.

"Huku nyuma umeandika barua?"

"Ni maelezo."

"Kompyuta haina mahali pa maelezo. Meza ilijaa ama haikujaa?"

"Ilijaa, lakini..."

"Kama unataka turudi kule, niandikie ombi. Jumatatu asubuhi orodha inaondoka."

Nilikuwa na siku tatu nzima. Ombi la kwanza lilimfanya mama aonekane tapeli. La pili lilinifanya mimi nionekane mjinga. La tatu lilikuwa na kurasa tatu, na Jumapili jioni nikaona maneno "desturi za wenyeji" yananuka dharau, nikaanza upya. Jumatatu nilifika nalo ofisini saa saba mchana, limechapwa vizuri, mistari mitano tu. Orodha ilikuwa imekwishaondoka.

Mkataba wangu uliisha Ijumaa ya wiki iliyofuata. Nikarudisha jile. Jumamosi alasiri nikaenda kwa mama wa unga, na njia nzima nilikuwa ninapanga jinsi ya kuanza. Meza ilikuwa na beseni lake lilelile, unga umebaki chini. Hakunitambua.

"Unga kikombe ngapi, dada?"

Nikamwambia mimi ni nani. Kisha nikamwambia yote: sharti, alama niliyotia, ombi lililochelewa. Nilizungumza kwa muda mrefu. Majirani wakaacha kupiga soga.

"Kwa hiyo," akasema yule wa sabuni, "kama tungelala tu siku ile, angepata?"

"Ndiyo."

"Na mimi nilikosa kuuza mpaka saa saba," akasema yule wa samaki. "Wewe patrone, bosi mkubwa, umetutajirisha hapa." Wakacheka wote wawili, kicheko kifupi. Mama hakucheka.

"Uliona kama ni bitu bya batu?" akaniuliza.

"Niliona."

"Na ulinyamaza."

"Nilikuwa ninafikiri."

Alisawazisha unga kwa kiganja, polepole. "Ungeniambia tu, mwanangu. Kuviondoa ni dakika tano. Ungekunywa Fanta yako, tungeviondoa."

Nikauliza kama ninaweza kufanya kitu. Nilijua swali hilo ni la watu wa mashirika, lakini nilikuwa nimekwisha kulitoa.

"Asubuhi uko na kazi?"

"Sina tena."

"Mimi ninatoka saa kumi na mbili. Ukija, utakaa na muzee. Usipokuja, ninafunga kufuli kama siku zote."

Nilifika kesho yake saa kumi na mbili kasoro robo. Kufuli ilikuwa tayari mlangoni. Sijui kama alitoka mapema, au hakuamini kwamba nitakuja. Meza za majirani zilikuwa bado zimefunikwa. Nikakaa juu ya jiwe karibu na mlango, nikiwaza kama kubaki pale ni kumsaidia au ni kumwonyesha kwamba nilikuja. Ndani, kitanda kikalia.

"Nani huyo?" Sauti ya mzee, nyembamba, nyuma ya mbao.

"Ni mimi."

"Wewe nani?"

"Mutoto wa Kiwanja, muzee."

"Kiwanja!" Kitanda kikalia tena, kama anayejaribu kugeukia mlango. "Mimi niliolewa Kalengera, hapo karibu na kwenu. Sema basi, maharagwe yamekomaa kule?"

Nikamwambia sijui, ni siku nyingi sijafika. Nikasogeza jiwe mpaka mgongo wangu ukagusa mlango, ili asilazimike kupaza sauti.