Nilimwambia Mama Mkwe Kadi Yangu ya Basi Inaishia Tingi

Kosa ni langu, na nalisema mwenyewe kabla konda hajawasimulia. Nilimdanganya mama mkwe wangu, mama mtu mzima, kwa sababu ya samaki. Ukitaka kucheka cheka tu. Hata mimi nikikumbuka nacheka, halafu kicheko kinanikatikia njiani.

Mimi ni afisa mifugo, mtu wa Singida, kazi ndiyo imenileta huku Ruvuma. Ofisi yangu iko Tingi, ila naishi Mbinga mjini na mke wangu. Mama yake tunakaa naye tangu mume wake afariki. Mama alizaliwa ziwani, akaolewa huku milimani, akalima kahawa Kitura mpaka mgongo ukakataa. Dada yake mkubwa alibaki kulekule ziwani, Mbamba Bay, na haipiti siku mama hajamtaja.

Sasa basi ninalopanda likaanzisha kadi za mwezi. Kadi fupi inaishia Tingi. Kadi ndefu inakubalika vituo vyote vya mbele ya Tingi mpaka ziwani, na Jumamosi unaruhusiwa kumchukua mtu mmoja bure. Bei zimepishana kidogo tu. Kwa mtu anayeshuka Tingi kila siku, fupi ilikuwa inatosha kabisa. Nikasimama pale dirishani stendi, nikawaza samaki wa ziwani, mbasa wa kuchoma, mate yakanijaa, nikasema nipe ndefu.

Kama hujawahi kula mbasa aliyetoka ziwani asubuhi hiyohiyo, akachomwa taratibu, ukamshushia na ugali wa muhogo, sikulaumu. Hujui tunazungumza nini.

Jioni ile mke wangu akaniuliza, "Baba Neema, eti kuna kadi inafika mpaka ziwani? Si ungemchukua mama Jumamosi akamwone dada yake?"

Ningesema ndiyo, habari ingeishia hapo. Lakini niliiwaza safari yenyewe. Kwa nilivyolelewa mimi, mkwe ni mtu wa kumpisha njia. Huketi naye kiti kimoja, huli mbele yake, hucheki meno yote nje. Nyumbani mimi nakula chumbani, mama anakula jikoni, tunaheshimiana kupitia ukuta. Leo nikae naye bega kwa bega kwenye kona zote zile za kushuka ziwani, halafu nikifika nisiguse samaki? Nikajibu bila hata kupepesa, "Ya kwangu inaishia Tingi."

Mama alikuwa jikoni. Nikamsikia anasema, "Haya baba, si kitu." Akaendelea kuchambua maharage yake.

Basi nikawa mtu wa Jumamosi. Nyumbani naaga nakwenda kuchanja ng'ombe, na begi la chanjo nabeba, tupu. Basi likisimama Tingi najikunyata watu wa ofisini wasinione. Likiondoka tu, moyo unaanza kucheza. Tukimaliza kona ya mwisho ziwa likajitokeza, mimi baba wa watoto nilikuwa nacheka peke yangu dirishani. Konda ni jirani yetu mtaani, akanigundua mapema. "Daktari," ananiambia, "ng'ombe wa leo nao wana magamba?" Nikawa namnunulia soda anyamaze.

Mke wangu naye pua anayo. Akanusa shati langu akasema, "Hawa ng'ombe wa Tingi mbona wananukia samaki?" Nikamwambia siku hizi wanalishwa dagaa. Nilisema hivyo mimi, mtu niliyesomea mifugo chuoni.

Mvua zikaanza, zikanyesha, zikaisha. Mama akauliza tena kupitia kwa mke wangu kama ile kadi haijasogezwa mbele. Nikasema bado, mwisho Tingi palepale. "Huyo mwenye basi ana roho mbaya," mama akasema, na mimi nikatikisa kichwa kumuunga mkono. Jamani, nikatikisa kichwa kabisa.

Jumamosi moja nimekaa zangu ufukweni kwa mama mmoja anayechoma samaki. Mafuta yamenifika viwikoni, kichwa cha mbasa kiko mdomoni nakifyonza kwa sauti. Nikainua macho. Mama mkwe huyo hapo mbele yangu, kitenge kipya, kikapu mkononi, na nyuma yake konda anajifanya anatazama mitumbwi.

Kumbe mama alichoka kungoja. Aliuza kuku wake, akapanda basi letu lilelile liliporudi Mbinga kuanza safari ya pili. Alipotoa nauli konda akashindwa kuvumilia, akamwambia, "Mama, unalipa ya nini, na mkweo kila Jumamosi anashuka ziwani na nafasi yako bure?" Soda zangu zote zikaenda na maji.

Nikataka kusema shikamoo. Badala ya shikamoo mwiba ukaninasa kooni. Macho yakanitoka, mikono nikawa naitupa hewani, mchoma samaki anapiga kelele. Mama mkwe hakungoja mtu. Akatupa kikapu, akanishushia kofi la mgongoni kwa mkono wa mtu aliyelima kahawa maisha yake yote, akanyofoa tonge kwenye sahani yangu, akanitia mdomoni kwa vidole vyake. "Meza baba, usitafune."

Nikameza. Mwiba ukashuka.

Hebu fikiria. Nimekula mbele ya mkwe, mkwe kanigusa, mkwe kanilisha, na ufukwe mzima unashuhudia. Heshima niliyoilinda miaka yote iliondoka na tonge moja la muhogo. Tukatazamana, mimi machozi yananitiririka, na mama akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa mchangani. Konda akacheka, mchoma samaki akacheka, na mimi nikacheka na koo langu linaloniuma. Tangu nihamie huku sijawahi kucheka vile. Nikajisikia mwepesi, nikajua yamekwisha.

"Inaishia Tingi," mama akasema huku anajifuta macho na ncha ya kitenge. "Haya, nawa mikono. Beba kikapu twende."

Njia nzima tuliongea, mimi na mama mkwe, ambao hatujawahi kuongea zaidi ya salamu. Akaniuliza mbasa sehemu gani ni tamu, nikamwambia kichwa, akasema hapo nina akili. Nikamwahidi Jumamosi zote zilizobaki ni zake. Tukafika kwa dada yake tukiwa bado tunachekeana.

Bibi alikuwa amekaa barazani. Mama akakimbia na mgongo wake uleule mbovu, akamwangukia. Yule bibi hakumtazama. Alimpapasa paji la uso, akampapasa mashavu na masikio, akamwita kwa jina la utotoni, akacheka kwa furaha.

"Umechelewa kidogo tu, mdogo wangu," akasema. "Mvua zilipoanza nilikuwa bado naona watu. Sasa niambie mwenyewe, umezeeka?"

"Hata kidogo," mama akasema. Wala hakugeuka kuniangalia. Angeniangalia ingekuwa nafuu.

Nikasimama pale na kikapu mkononi, nikihesabu samaki niliokula tangu mvua zianze, nikakosa pa kuweka uso.

Siku hizi tunashuka pamoja, mama anakaa dirishani. Akifika anamsimulia dada yake ziwa lilivyo leo, na bibi anasikiliza kaelekeza uso kule linakotoka upepo. Hakuna aliyenigombeza mpaka leo. Wewe mwenye kadi ndefu unayesoma haya, unaye mtu wako anayetaka kufika mahali. Mchukue Jumamosi hii.