Siku Tuliyochemsha Pistoni

Shimo la kolta, yale madini ya simu, lilimwangukia mukubwa wangu, kaka yangu, huko ng'ambo ya mpaka, wenzake wakamvuta kwa miguu akiwa hai. Alirudi nyumbani Gisenyi na hasira ambayo hatukuwahi kuiona. Alipiga mlango, alipiga mbwa, na mimi alinipiga.

Dawa tuliyoiona ni pikipiki ya marehemu baba, iliyokuwa imekufa injini. Ikiwaka, mukubwa angekuwa motari, abebe watu hapa hapa kwetu. Asubuhi ile alituapia mbele ya mama: "Piki isipowaka leo, kesho mi narudi kwa shimo. Basi." Mama aliendelea kuchambua maharagwe. Mimi nilimchukia mtu huyu, na sikutaka afe. Yote mawili kwa nguvu sawa.

Kwetu pistoni huchemshwa. Ndivyo baba alivyotufundisha: ikipata joto hutanuka, na pini inaingia kwa kusukumwa na kidole gumba. Ukiipiga, unapinda bieli, ule mkono wa chuma unaoishika pistoni. Kwa hiyo uani kulikuwa na mbabura mbili, majiko ya makaa, moja ya maharagwe yasiyofunikwa, nyingine ya pistoni.

"Sufuria yangu ikinuka mafuta, mutakula hiyo pistoni," mama alisema.

Maji hayajachemka, mukubwa ameshashika nyundo apige pini.

"Acha! Utapinda bieli, kichwa ngumu we!"

"We ni nani wa kunifundisha?"

Nyundo ikapita karibu na sikio langu, ikabomoa kipande cha ukuta. Yewe! Maji yakachemka. Yeye akaitoa pistoni majini kwa kitambaa, akasukuma pini, ikaingia laini. Akacheka kama zamani. Zikabaki klipsi, viwaya vya duara, kimoja kila upande, vinavyoizuia pini isitoke. Ya kwanza ikakaa. Ya pili ikaruka kutoka kwenye koleo, tii, ikapotea.

Alipindua benchi. Alipiga teke beseni, kuku wakakimbilia kwa jirani. Akanikaba shati: "Umeificha!" Akanisukuma nikatafute kwenye mawe ya getini, nikatambaa mpaka magoti yakachubuka. Niliporudi, silinda ilikuwa imeshashushwa juu ya pistoni.

"Nimeiona. Nimeiweka," alisema bila kuniangalia.

Nilimshukuru Mungu, sikuuliza kitu.

Alasiri injini ilikohoa, ikabweka, ikawaka. Jamani, mukubwa alilia! Akasema anakwenda Petite Barrière, pale mpakani, kuchukua abiria wake wa kwanza. Mama akatupakulia, lakini yeye alikataa kula, akabaki getini akivuta mafuta, injini ikinguruma, ili jirani wasikie. Mama alitafuna tonge moja tu, akapiga yowe.

"Yesu wangu, jino yangu!"

Akatema kiganjani. Ilikuwa klipsi.

Niliinyakua nikakimbia. Pini ikitoka, inachana silinda, injini inakwisha, na mukubwa anavuka kurudi kwa shimo. Nilipaza sauti, hakusikia. Nikang'oa waya wa buji, plagi ya injini, kwa mkono, umeme ukanipiga hadi begani, injini ikazima.

Ngumi ya kwanza ilinipasua mdomo.

"Una wivu! Unataka nikufe kule!"

Nilishindwa kusema, damu ilijaa mdomoni. Nikaanguka, akanifuata chini, mama akimpiga mgongoni kwa mwiko na kulia. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Jirani zetu hawana majembe, walikuja na viti. Nikafungua kiganja.

Ngumi yake ilibaki hewani. Aliiangalia klipsi.

"Nilijua," akasema. "Nilitafuta nikakosa. Na nilikuwa nimesema leo."

"Mjinga we," nikasema. "Kesho si siku?"

Akainuka, akaingia ndani. Mama alikaa chini palepale, kwa sababu sote tulijua mfuko wa safari wa mukubwa uko nyuma ya mlango. Sikuweza hata kumfuata. Nilisikia anapekua, anatupa vitu, anatukana.

Akatoka na funguo za nati. Akapiga magoti kando ya piki, akaanza kulegeza kichwa cha injini kikiwa bado cha moto, vidole vikiungua.

"Mama, lete maji ya moto."

Nilidhani ni ya pistoni. Akachovya kile kitambaa chenye mafuta, akanishika shingo, akanifuta damu kwa nguvu, ananiumiza, huku akinitukana matusi yote ya mgodini.

Kisha akanitupia ufunguo mmoja.

"We fungua upande ile."