Dude la Kijapani na Bani Letu

Ile filamu ya Kijapani naichukia mpaka leo, na anayeisifu mbele yangu namjua papo hapo kwamba halimi tumbaku.

Tuliitazama hapa Usoke, Jumapili mchana baada ya ibada, kwenye kibanda umiza kilichoko nyuma ya mashine ya kusaga. Mume wangu ndiye aliyenishawishi. Bani letu la kukaushia lilikuwa limejaa tumbaku ya msimu mzima, majani yamefikia hatua ya kukausha vikonyo, hatua ambayo moto hauachwi peke yake hata kidogo. Lakini zamu ilikuwa ya shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, basi nikaenda.

Upuuzi mtupu. Dude lenyewe, mjusi mkubwa wa miguu miwili, lilikuwa mtu aliyevaa ngozi ya mpira. Likichuchumaa, magoti yanajikunja kama suruali iliyopwaya. Nyumba lilizozikanyaga zilikuwa maboksi, hata sufuria haikudondoka humo. Nusu nzima ya filamu wakubwa wamekaa kikaoni wanabishana, mpaka yule anayetafsiri kwa Kiswahili juu ya sauti zao akachoka, akaanza kuwatania tu. Kishindo cha nyayo, sawa, hicho kilitikisa benchi letu. Ila watu wa mji ule! Dude linakuja, wao wamesimama barabarani, vichwa juu, midomo wazi.

"Kimbieni, mabwege nyie!" nikapiga kelele.

Mtu mmoja benchi la mbele akacheka kuliko wote. Kicheko kile nakijua.

"Shemeji! Bani umemwachia nani?"

"Tulia, shemeji yangu. Tanuri nimelijaza kuni mpaka mdomoni, litatufikisha mwisho wa picha."

Mume wangu alishatoka mbio. Kwa kuni zote zile mabomba ya joto yanayopita chini ya majani yanaiva mekundu, na jani moja kavu likidondoka juu yake, basi, bani zima linawaka.

Tulipofika, paa lilikuwa limeshaanguka ndani. Majirani walikuja na ndoo, wakaziweka chini. Nilitaka kumrukia shemeji nimrarue. Miguu ikagoma. Nikageuka: mume wangu, shemeji, majirani, wote vichwa juu, midomo wazi, hakuna anayesogea. Nikajigusa mdomo. Na wangu ulikuwa wazi.

Hilo peke yake Wajapani walilipatia, na ndilo nisilowasamehe.