Nilipima Kibao, Sikupima Tofali

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja na robo asubuhi, na ofisi ilikuwa inafunguliwa saa mbili na nusu. Haikuwa bidii. Niliogopa kuingia chumba ambacho watu wameshakaa, wote wageuke kunitazama. Basi nikawa nazunguka pale njia panda ya Makambako, upepo unanipiga vumbi la malori usoni, naenda hadi kituo cha mafuta, narudi, naenda tena. Mlinzi aliniuliza mara mbili kama nimepoteza kitu.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo. Ninyi wadogo zangu mlioko kidato cha tatu mtakuja kuujua muda huo: si mwanafunzi, si mtu mzima, nyumbani kila anayepita anakutuma maji. Injinia, ambaye ndiye mwenye ofisi, anasali kanisa moja na mama yangu. Alisikia kwamba shuleni mimi ndiye nilikuwa nabaki chumba cha kompyuta wenzangu wakienda uwanjani. Akasema niende nikajaribu. Cheo changu kikawa Msaidizi wa Michoro, na kazi hiyo niliifanya miezi sita mpaka nikastaafu.

Niwaeleze kidogo kazi yenyewe. Katika programu ya kuchora majengo, ukuta si mistari miwili kwenye karatasi. Unauchora, kisha unaiambia programu una unene gani, una kimo gani, umejengwa kwa kitu gani, nayo inakumbuka. Ukiweka dirisha, inalitoa tundu lake ukutani yenyewe. Ukimaliza unafungua jedwali, na pale unakuta mita za mraba za ukuta, idadi ya matofali, mabati, mbao za kenchi za paa. Kutoa vifaa kwenye mchoro namna hiyo ndiko kunaitwa kufanya mchanganuo. Injinia aliniambia siku ileile, "Binti, hapa hatuchori picha nzuri. Tunachora vitu ambavyo watu watavibeba mgongoni."

Makambako nilikaa miezi miwili. Nilichora nyumba za vyumba vitatu, maduka, banda la kuku la mchungaji. Nilijifunza kwamba mafundi hawasemi safu ya matofali, wanasema kozi, na kwamba juu ya dirisha kuna linta, ule mhimili wa zege unaobeba ukuta, na ukiisahau hakuna atakayekucheka, atakufukuza. Kuongea sikujifunza. Injinia akiuliza, naitikia kwa kichwa. Chini ya meza mguu wangu wa kulia ulikuwa unatikisika kutwa nzima hadi kikombe chake kinalia kwenye kisahani. Akasema mguu huo ukifungwa mkanda utasaga mahindi ya mtaa mzima.

Mwezi wa tatu nilihamishiwa ofisi ya Njombe, nikawa nalala kwa baba mdogo. Kule nilikuwa chini ya Mkadiriaji, mzee anayevaa masweta mawili na kuweka penseli nyuma ya sikio. Kazi ya mkadiriaji majenzi ni kusema jengo litakula nini kabla halijaanza kula. Yeye alianza enzi za karatasi kubwa na rula, na programu hakuichukia, ila hakuiamini mpaka aipime. Kila nikimletea mchanganuo, anachagua ukuta mmoja, anauhesabu kwa penseli, halafu ananitazama juu ya miwani. Mara ya kwanza idadi zetu zilipolingana hakunisifu. Aliuliza tu, "Na bati moja linapanda juu ya jenzake kiasi gani?" Sikuwa nimeweka. Mabati yakaongezeka kumi na moja.

Matokeo yalikuja, nikawa nimefaulu, na nikajua kwamba mwezi wa saba nitaondoka kwenda kidato cha tano. Badala ya kutulia ndiyo nikachanganyikiwa zaidi. Nikawa nafanya kila kitu kwa haraka, kama mtu anayefunga mizigo huku akiongea na mgeni.

Mvua zilipoisha, Injinia akaniletea mchoro wa bweni la wasichana, la shule ya kata kwenye kijiji kimoja upande wa Uwemba. Wazazi walikubaliana kufyatua matofali wenyewe, kila kaya idadi yake, yachomwe tanuru moja. Nasema moja kwa sababu kuni zilikuwa za miti ya miwati iliyotolewa na parokia, na zilitosha moto mmoja tu. Matofali yakipungua, ya kuongezea yangengoja kiangazi kingine. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi alikuwa Mama Yuditha. Binti yake alikuwa kidato cha pili, amepanga chumba karibu na shule na wenzake watatu, wanajipikia, wanajilinda. Wawili waliokuwa wakilala chumba hicho walishaacha shule. Mama huyo alisema mbele yetu kwamba Januari binti yake atalala bwenini, au atamrudisha nyumbani.

Mkadiriaji akanituma. "Nenda kapime tofali lao, si letu. Kila kijiji kina tofali lake."

Nilifika kijijini asubuhi. Wanawake kama ishirini walikuwa mtoni wanakanyaga udongo na kufyatua, wanacheka kwa sauti, wanataniana kwa Kibena. Kuwafikia ingenibidi nishuke mteremko ule wote huku wananitazama. Nilisimama pale juu na futi kamba mkononi. Halafu nikaona kibao cha kufyatulia kimeegemezwa mlangoni kwa mtendaji wa kijiji. Kibao ni lile sanduku la mbao lisilo na kifuniko ambalo udongo unashindiliwa ndani yake. Nikapima ndani: urefu sentimita ishirini na tano, upana kumi na mbili na nusu, kimo tisa. Nikaandika, nikaondoka. Hakuna aliyeniona, na nilifurahi kwamba hakuna aliyeniona.

Jioni Mkadiriaji akaniuliza, "Umepima tofali?"

"Ndiyo," nikasema.

Niliingiza vipimo, nikafungua jedwali, nikaongeza tofali moja la kuvunjika kwa kila ishirini. Elfu ishirini na moja na mia nne. Mkadiriaji akahesabu ukuta wake mmoja kwa vipimo vyangu, tukalingana, Injinia akasaini. Kaya ni mia na saba. Kila kaya mia mbili. Ilitoka sawasawa hadi nikajisikia kama mtu aliyezaliwa kufanya kazi hiyo.

Wiki ya pili ya mwezi wa sita Injinia alinirudisha kijijini kuhakiki idadi kabla tanuru halijapangwa. Sakitu ilikuwa imeanza, asubuhi nyasi nyeupe kabisa, na matofali mabichi yalikuwa yamefunikwa majani yasipasuke kwa baridi. Kaya karibu zote zilikuwa zimemaliza. Mama Yuditha alinikaribisha nyumbani kwake, akanipa kiazi cha moto na kitu cha kukalia. Nilichokalia yalikuwa matofali mawili ya kuchoma, ya tanuru la zahanati la mwaka uliopita. Walifyatua kwa kibao kilekile, alisema.

Sijui kwa nini nilitoa futi kamba. Mikono yangu haijui kukaa. Nikapima: ishirini na tatu. Nikapima upana: kumi na moja na nusu. Kimo, nane. Nikapima la pili, vilevile. Tofali hunywea likikauka, na hunywea tena motoni, na jambo hilo kila mtu pale mtoni angeniambia bila kuacha kucheka, kama ningeshuka. Nikakiweka kiazi chini. Nilimwambia Mama Yuditha kwamba kila kitu kiko sawa, nikaaga.

Ofisini nilihesabu upya. Zaidi ya elfu nne zimepungua.

Sasa nawaambia jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Kwenye programu, kimo cha ukuta ni namba moja ndani ya kisanduku kimoja. Nilifuta mita mbili na sabini, nikaandika mbili na ishirini na saba, na jedwali likashuka mpaka kwenye matofali tuliyokuwa nayo. Hakuna kengele iliyolia. Bweni kwenye kioo lilikuwa zuri tu, fupi kidogo. Nilizunguka meza. Nilitoka nje, nikarudi. Nikaweka kitanda cha ghorofa ndani ya chumba, kile cha chuma tunacholalia wote shuleni, na juu yake nikaweka ule mfano wa mtu uliomo kwenye programu, ameketi. Kichwa chake kilipita kwenye dari.

Nikairudisha namba ya zamani, nikaenda kwa Mkadiriaji nikiwa bado sijapanga maneno.

"Shikamoo."

"Marahaba. Umeshanisalimia asubuhi."

"Sikupima tofali. Nilipima kibao."

Alivua miwani, akaifuta kwa sweta la ndani, akaivaa.

"Mimi nilikuuliza," alisema.

"Nilidanganya."

"Tofali la kwenye kibao halijawahi kujenga hata choo." Akachukua penseli. Alihesabu yeye mwenyewe, polepole, na hakutazama kompyuta. "Arobaini zaidi kila kaya. Tanuru limeshaanza kupangwa?"

Nilisema wanaanza Jumamosi. Nikamwomba, kwa heshima zote, yeye au Injinia aende akawaambie, kwa kuwa watu wazima watamsikiliza mtu mzima. Akakataa. Alisema akienda yeye, watadhani ofisi imetafuta njia ya kuwaongezea kazi. Aliyepima ndiye anayejua alichopima. Injinia alipopigiwa simu alifoka hadi nikamsikia kutoka kwenye kiti changu, halafu akasema lilelile. Mkadiriaji alikubali kitu kimoja tu: kukaa mstari wa mbele nimwone.

Mkutano ulikuwa Ijumaa, kwenye uwanja wa shule. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye karatasi, lakini nikaikunja. Nikawasalimu kwa Kibena, "Kamwene." Wakaitikia. Nikasema mimi ndiye niliyehesabu matofali, kwamba nilipima kibao kwa sababu niliona aibu kuja mtoni, na kwamba yamepungua arobaini kila kaya.

Mzee mmoja nyuma akasema, "Kumbe kompyuta nayo inalewa ulanzi." Wakacheka, na mimi nilitamani wacheke tu mpaka jioni. Hawakucheka mpaka jioni. Baba mmoja alisimama akasema yeye mia mbili zake ametoa, anakwenda kuchimba viazi, na aliyekosea aongee na udongo peke yake. Wengine wakaguna kumuunga mkono. Mwalimu mkuu akaeleza habari ya kuni. Mambo yakawa marefu, na mimi bado nimesimama, hakuna aliyeniambia nikae.

Ndipo Mama Yuditha akasimama. Aliponigeukia hakuwa na hasira wala upole.

"Ulikaa juu ya tofali nyumbani kwangu, ukapima, ukaniambia kiko sawa."

"Ndiyo, mama."

"Ulishajua?"

"Nilishajua."

"Una kaya wewe?"

"Sina."

"Leo unayo. Arobaini yako yako mtoni."

Mwishowe mkutano ukakubali kila kaya iongeze arobaini, na tanuru likasogezwa wiki mbili mbele. Nilishuka ule mteremko, nikavua viatu. Udongo wa asubuhi ya sakitu unauma miguu kama umekanyaga sindano. Matofali yangu sita ya kwanza yalitoka kibaoni yamelala upande kama wazee, na wanawake waliniimbia kitu cha Kibena ambacho hadi leo wamekataa kunitafsiria. Nilimaliza arobaini kwa siku mbili. Kaya kumi na tisa hazikuongeza hata moja, na sikuona kwamba nina haki ya kuzilaumu. Kwa hesabu yangu, tulikuwa na ya kujenga ukuta wote na ziada ya kama mia sita hivi ya kuvunjika, tena kama moto hautayaharibu na kama yatanywea kama ya zahanati. Hayo mawili hakuna programu iliyoweza kuniambia.

Moto ukawashwa, tanuru likapakwa udongo, likaachwa lipoe. Kijijini sikuwa na kazi tena, ila nilishindwa kukaa. Ofisini nilifuta lile tofali kwenye orodha ya programu, nikaingiza jipya, na kwenye nafasi ya jina nikaandika: limepimwa baada ya kuchomwa. Mkadiriaji alisoma, akaniambia nimebakiza siku nne za kazi na michoro miwili, nirudi kwenye kiti. Mkinipa nafasi niwashauri ninyi mnaokuja, nitashindwa. Bado nikiingia chumba chenye watu moyo unapiga vilevile. Tofauti ni kwamba siku hizi naingia nikiwa na swali la kuuliza, na swali linanisukuma kwa nyuma.

Tanuru lilifunguliwa siku moja kabla sijaondoka kwenda shule. Kijiji kizima kilikuja. Mama Yuditha alipanda mwenyewe, akang'oa tofali la kwanza, akalishika kwa kitenge kwa sababu lilikuwa bado na joto, akalileta mpaka nilipokuwa nimesimama.

"Pima."

Nilipima mara moja, nikapima tena, kisha nikaomba la katikati na la chini kabisa.

"Ishirini na tatu," nikasema. "Yote."

"Maana yake nini? Yanatosha?"

"Yanatosha. Yakivunjika zaidi ya mia sita, hayatoshi."

Vijana walikuwa wameshaanza kurushiana matofali kutoka juu ya tanuru, kama wanavyofanya siku zote. Mama Yuditha akawaambia waache kurusha. Tukapangwa mstari kutoka tanuru hadi uwanja wa bweni, wazee, wanafunzi, hata yule baba wa viazi, kila mtu akilipokea tofali kwa mikono miwili na kumkabidhi wa pili. Mimi nilikuwa katikati. Nilianza kuyahesabu yanayopita mikononi mwangu, nikafika mia tatu na kitu, yule aliye kushoto kwangu akaniuliza nalala au napokea, nikapotewa, nikaanza tena moja.